Wikiendi ya kukagua mji wa baharini kabla hatujanunua: tunaenda kutafuta mabaya yake

Picha za nyumba za baharini tumeziangalia mimi na mume wangu mpaka macho yamechoka, sasa tumefika pale pa kusema twende tukauone huo mji wenyewe kabla hatujatoa hata senti. Na nimeshamwambia mapema, hii wikiendi sio likizo. Uzuri wa mji tunaujua tayari, uko kwenye kila tangazo, bahari ya bluu, mchanga mweupe, jua linazama, sawa. Kinachonipeleka mimi ni kujua mabaya yake ni yapi na kama tunaweza kuishi nayo, maana nyumba hununui ya siku nzuri peke yake, unanunua na ile siku upepo unavuma usiku kucha, maji yamefika ukutani, umeme umekatika na majirani wote wamerudi makwao. Kwa hiyo nimekaa nikapanga hizo siku zitumike vipi, na naandika hapa kwa yeyote mwenye mpango kama wetu.

Kwanza tarehe. Watu wengi wanachagua wikiendi kwa kuangalia kazini wameruhusiwa lini au hoteli imeshusha bei lini, mimi nimeanza na mwezi wa angani. Bahari inajaa na kupwa, sehemu nyingi duniani mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Lakini kujaa kwenyewe hakulingani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja, hapo linakuja bamvua, maji yanapanda juu kabisa na yakikupwa yanaenda mbali kabisa, na kilele chake mara nyingi ni siku moja au mbili baadae. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Sasa ukienda wikiendi ya maji mafu utakuta ufukwe mpana saa zote, utarudi umefurahi na la maana hujaliona. Sisi tunaenda wikiendi ya bamvua, na wewe kama ratiba yako inaruhusu jaribu kuisogeza karibu na Machi au Septemba, sehemu nyingi bamvua za miezi hiyo ndo kubwa kuliko zote za mwaka. Jedwali la kujaa na kupwa lipo bure kwenye intaneti karibu kwa kila bandari, unaangalia saa unaandika kwenye simu. Kama mji wako uko kwenye bahari ya Mediterania au ya Baltiki hesabu hii ya mwezi haina uzito sana, kule maji yanapanda na kushuka kidogo mno, kule fuata upepo na dhoruba.

Kitu cha pili kwenye tarehe, usiende msimu wa watalii. Najua kila kitu kinakuwa wazi na mji unachangamka, ila huo sio mji utakaoishi, huo ni mji wa miezi michache. Nenda wakati wa upepo au wa mvua, ukiweza. Na wikiendi yetu nimeivuta mpaka Jumatatu mchana, kwa sababu Jumapili jioni ndo utaona magari yote yanatoka, na Jumatatu asubuhi ndo utaona kilichobaki, nani anafungua duka, nani anapeleka mtoto shule, kama kuna foleni ya kwenda kazini au barabara imelala. Huwezi kuujua mji kwa Jumamosi yake.

Kabla hatujaondoka kuna kazi ya mezani na hii kwa kweli ndo itaamua tukaangalie nyumba zipi. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, ile yenye picha za miaka ya nyuma, weka kwenye nyumba yenyewe alafu rudi nyuma mwaka hadi mwaka. Chagua kitu ambacho hakihami, kona ya paa au ya barabara, pima kutoka hapo mpaka mstari wa majani pale mchanga unapoanzia. Usipime mpaka maji, maji yanategemea picha ilipigwa saa ngapi. Kama mstari wa majani umesogea kuelekea nyumba picha baada ya picha basi bahari inakula, na kasi yake unayo mbele yako, gawanya mita kwa miaka. Kuna nyumba moja mume wangu aliipenda sana, tumeitoa kwenye orodha tukiwa bado sebuleni kwa njia hii. Na usidhani ni jambo la kutokea miaka mia ijayo, pale Rodanthe, North Carolina, Marekani, nyumba nzima nzima zimeanguka baharini moja baada ya nyingine tangu 2020, nyumba zilizojengwa zikiwa na ufukwe mpana tu mbele yake.

Simu nyingine ya kupiga kabla ya safari ni ya bima. Wape anuani ya nyumba, waulize wanakata bima yake na kwa kiasi gani, na mafuriko yamo au hayamo. Hapa watu wanashangaa sana, maana bima ya kawaida ya nyumba mahali pengi haigusi mafuriko, Marekani kwa mfano mafuriko yana bima yake peke yake, na ukiikata kwenye ule mpango wa serikali kwa kawaida unasubiri siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi. Kampuni ya bima ikikataa kabisa, au ikitaja ada ya kutisha, hiyo ni taarifa ya watu wanaoishi kwa kuhesabu hatari, mimi naisikiliza kuliko maneno ya dalali. Na benki nayo ikisikia nyumba haina bima mkopo unakuwa mgumu, na atakayekuja kuinunua kwako baadae atakutana na hilo hilo.

Haya, tumefika. Sitaki kuanza na dalali. Dalali tumepanga nae Jumamosi mchana, Ijumaa yote na Jumamosi asubuhi ni zetu. Kazi ya kwanza ni kutembea ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, na kurudi tena yakiwa yamekupwa, mahali pale pale. Maji yakijaa unaangalia yanafika wapi, kuna njia ya kupita mbele ya nyumba au mawimbi yanagonga ukuta. Yakikupwa unasoma mchanga. Utaona mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya leo, bado mbichi, juu yake kuna mwingine mkavu, vijiti, vizibo vya chupa, vipande vya kamba, huo umeachwa na bahari iliyokuwa na hasira zaidi. Hesabu hatua kutoka huo mstari mkavu mpaka kwenye uzio wa nyumba. Alafu inua macho, angalia miti. Mizizi iko nje inaning'inia hewani? Miti imeinamia baharini? Ngazi za kushukia ufukweni zinagusa mchanga au kipandio cha mwisho kimebaki juu juu? Ngazi iliyobaki hewani inamaanisha mchanga ulikuwepo pale siku inajengwa, na sasa haupo.

Kuta nazo ziangalie vizuri. Mtu akiona ukuta mkubwa wa mawe mbele ya nyumba anasema afadhali, hapa pako salama. Mimi naona ukuta najiuliza nani aliujenga, lini na kwa nini aliona aujenge. Ukuta unazuia ardhi iliyo nyuma yake, ufukwe ulio mbele yake hauzuii, wimbi likigonga linarudi na mchanga, na pale ukuta unapoishia maji yanachimba pembeni, yani jirani asiye na ukuta ndo anaumia. Kwa hiyo kama nyumba unayoitaka iko mwisho wa ukuta wa mtu, au kuna gati au bandari upande ambao mchanga unatokea, simama hapo muda mrefu uangalie. Mchanga wa ufukweni unatembea, pengine unaletwa na mto kutoka mbali huko, na mto ukijengewa bwawa au mchanga wake ukichimbwa ufukwe unakosa chakula. Hayo yote huyaoni kwenye picha ya tangazo.

Mume wangu anataka nyumba ya mbele kabisa, ukifungua mlango ni bahari. Mimi msimamo wangu ni mstari wa pili au wa tatu, na sio kwa ajili ya mmomonyoko peke yake, ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, mawimbi yakipasuka yanarusha matone madogo na upepo unayaleta moja kwa moja kwenye nyumba, lakini mengi yanatua karibu, ukisogea ndani mita mia mbili tatu na kuna miti na nyumba katikati tofauti ni kubwa. Na unatembea dakika tatu tu unafika majini. Tumekubaliana tusibishane kwa maneno, twende tukaangalie vyuma. Yani nyumba ya mbele na nyumba ya mstari wa tatu, zile zilizojengwa miaka inayokaribiana, tuangalie bawaba za milango, skrubu za madirisha, mageti, na zaidi ya yote kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi, yale mapezi membamba ya aluminiamu nyuma yake, ukiyagusa yakamong'onyoka kama majivu basi umeshajua matengenezo yako yatakuwaje. Na uliza skrubu za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu haraka, ni za daraja gani, 304 inaanza kupata madoa ya kahawia karibu na bahari, 316 ina madini ya molibdenamu ndani yake na inahimili zaidi.

Zege ndo linalonitisha kuliko yote, hapa nitakaa kidogo. Chumvi ikiingia kwenye zege ikafika kwenye nondo, nondo inaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara kadhaa zaidi, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Ufa wake unautambua, umenyooka unafuata nondo, mara nyingi una doa la kahawia, chini ya balkoni, kwenye nguzo, kwenye dari la maegesho. Chukua sarafu au funguo ugonge gonge, zege zima lina sauti ngumu, lililoachana lina sauti ya uwazi. Ukikuta balkoni moja imepigwa rangi mpya na nyingine zote zimechakaa, simama hapo ugonge zaidi. Na kama ni nyumba iliyojengwa na mtu binafsi uliza mchanga wa kujengea ulitoka wapi, maana wapo wanaochota pale pale ufukweni bila kuuosha na chumvi inakuwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza.

Kwa apatimenti za ghorofa hili ni suala la uhai. Champlain Towers South, Surfside, Florida, jengo lililokamilika 1981, lilianguka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na watu 98 wakafa, na mhandisi alikuwa ameshaandika tangu 2018 kwamba zege lina uharibifu mkubwa eneo la bwawa la kuogelea na maegesho kwa sababu ya maji kutokutoka vizuri. Wenye apatimenti walikuwa bado wanavutana kuhusu gharama. Mwaka 2022 Florida ikatunga sheria ya kulazimisha maghorofa ya zamani yakaguliwe na yawekewe akiba ya matengenezo. Kwa hiyo mimi popote pale nitaomba ripoti ya mwisho ya mhandisi, kumbukumbu za vikao vya wamiliki vya miaka ya karibuni, na kiasi kilichopo kwenye akiba. Ada ndogo ya kila mwezi kwenye jengo kuukuu la baharini hainifurahishi hata kidogo, ina maana kuna siku watu wataambiwa wachange kwa mpigo. Wakikataa kuonyesha hizo karatasi hatuendelei, maana huko ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Maji ya bomba onja. Usione aibu, fungua bomba la jikoni onja, alafu nawa mikono kwa sabuni uone kama povu linatoka, maji ya chumvi yanakataa povu. Kama nyumba inatumia kisima, kuna hesabu moja ya kukaa nayo kichwani: maji baridi, yani yasiyo na chumvi, chini ya ardhi ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo, na kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi chini yake. Inasikika vizuri mpaka uigeuze, ukivuta sana ukashusha hiyo mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40. Ndo maana visima vya pwani vinakuwa vitamu miaka na miaka alafu hoteli na nyumba zikiongezeka vinaanza kuwa na chumvi. Muulize mwenye nyumba, waulize na majirani wawili watatu, kisima chenu kimebadilika ladha? Na karo la maji taka nalo uliza liko wapi, liko umbali gani na hicho kisima, na vyoo vinafanyaje wakati wa bamvua, kwa sababu maji ya chini yakipanda maji taka hayana pa kwenda. Hiyo ndo faida nyingine ya kwenda siku ya bamvua, pua yako itakwambia.

Usiku tunalala mtaa ule ule tunaotaka kununua, sio hotelini kule mbele. Madirisha wazi. Nataka kusikia muziki unaisha saa ngapi, jenereta ya nani inaunguruma, mbwa, barabara. Na kabla ya kulala tutazunguka kwa miguu tuhesabu nyumba zenye taa, maana mtaa wenye nyumba thelathini na taa nne ni mtaa usio na majirani. Milangoni tutaangalia vile visanduku vidogo vya funguo vyenye namba za kubonyeza, vikiwa vingi ujue nyumba nyingi zinapangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu. Wengine hilo linawafaa, wananunua ili wapangishe, ila sisi tunataka kuishi, nataka mtu wa kumgongea usiku nikiumwa. Na hapo hapo, kutoka mlangoni kwa nyumba tutaendesha mpaka hospitali yenye huduma ya dharura usiku wa Jumamosi, tuone ni dakika ngapi hasa, sio za kwenye ramani. Mama yangu atakuja kukaa na sisi, hili kwangu ni zito kuliko bahari yenyewe.

Kuongea na watu nimepanga maswali yangu. Ukimuuliza mtu "hapa kuna mafuriko?" atakwambia hapana, hakuna anayependa kuusema vibaya mji wake kwa mgeni. Muulize "ule mwaka mlioogopa kuliko yote maji yalifika wapi?", atainuka akuonyeshe kwa kidole, pale kwenye nguzo, pale kwenye ule mlango. Wavuvi waulize upepo mbaya unatoka upande gani na miezi ipi, alafu toa simu na dira yake uone chumba cha kulala kinaelekea wapi. Na watu wawili ambao wengi hawawaulizi, fundi wa viyoyozi na fundi wa paa. Hawa wanajua kila mtaa vitu vinadumu muda gani, na hawauzi nyumba.

Mambo ya sheria kwenye wikiendi hayaishi, ila kuna moja la kuanza nalo, mpaka wa kiwanja uko wapi na mpaka wa bahari uko wapi. Nchi na nchi zinatofautiana sana. Hispania tangu sheria ya 1988 ufukwe ni mali ya umma na nyuma yake kuna ukanda wenye masharti, kwa kawaida mita 100, Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inaweka mita 60 kutoka baharini, Meksiko mgeni hawezi kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, inapitia kwenye benki inayoshika hati kwa niaba yake. Na bahari ikisogea, mara nyingi mpaka nao unasogea, yani hati inasema mita nyingi kuliko zilizobaki ardhini. Tutapima kwa futi kamba tulinganishe na ramani ya kiwanja, tofauti ikionekana tunampigia wakili wetu, wetu, sio yule aliyeletwa na muuzaji.

Tumekubaliana vile vile kwamba wikiendi hii hatutoi pesa ya kushikia nyumba, hata dalali akisema kuna mnunuzi mwingine anakuja Jumatatu. Akija anunue. Kila mmoja wetu ataandika yake kwenye daftari lake kila jioni bila kumwonyesha mwenzake, alafu tukisharudi ndo tusomeane, kwa sababu nawajua watu wawili wakiwa ufukweni jioni, mmoja akisema pazuri mwenzake hawezi kusema neno. Nyumba ikipita hapo tunarudi tena msimu wa upepo na mhandisi wetu, na ripoti yake ndo itakayotupa bei ya kutaja.

Ijumaa maji yanajaa jioni, tunataka tuwe tumefika masaa mawili kabla, kwa hiyo kutoka nyumbani ni alfajiri. Futi kamba, tochi, sarafu na viatu vya kulowana viko kwenye begi tayari. Kama kuna kitu cha kukagua nimekisahau, niambieni kabla ya Alhamisi.